Kabla ya Kuongeza Gesi, Tazama Mpira wa Mlango

Friji ya siku nyingi ikianza kusuasua, neno la kwanza kusikika nyumbani ni gesi. Jirani atasema gesi imekwisha, shemeji naye atasema gesi imekwisha, na fundi akifika na mtungi wake begani hana sababu ya kubisha, maana kuweka gesi ndiyo kazi inayomlipa vizuri. Gesi inawekwa, hela inalipwa, friji inapoza wiki mbili tatu, kisha maziwa yanaanza tena kuchacha.

Gesi ya friji haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inatoka kwenye kompresa na kurudi huko huko, na mabomba yakiwa mazima inaweza kuzunguka hivyo miaka ishirini bila kuongezwa hata kidogo. Ikipungua, basi pana tundu mahali, na kujaza bila kulitafuta tundu ni kutwanga maji kinuni. Lakini mara nyingi tundu hilo halipo kabisa. Friji inatengeneza baridi kama kawaida, ila baridi yenyewe inatokea mlangoni, kwa sababu mpira unaozunguka mlango umekakamaa, umepinda, umechanika au umeacha kushika.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye friji kuukuu ni mmoja: asiguse mtu mabomba kabla mlango haujapimwa. Kuupima hakuhitaji fundi, na kuutengeneza, mara nyingi, hakuhitaji kitu ambacho hakipo tayari jikoni kwako.

Mpira wenyewe ni nini

Tunauita mpira, lakini katika friji nyingi ni plastiki laini ya PVC iliyotengenezwa kwa mikunjo yenye uwazi ndani, ili ibonyee mlango unapofungwa na kujaza nafasi yote kati ya mlango na kabati. Ndani ya mkunjo mmoja umepita mkanda wa sumaku, nao ni unga wa sumaku uliochanganywa na plastiki ili uweze kupinda. Kazi imegawanywa hivyo: sumaku inavuta, ulaini wa plastiki unaziba. Sumaku nzuri ndani ya plastiki iliyokakamaa haisaidii, na plastiki laini yenye sumaku iliyovunjika haisaidii vilevile.

Ulaini wa PVC unatokana na kilainishi kilichochanganywa humo kiwandani. Kilainishi hicho hupungua taratibu kwa miaka, na huondoka upesi zaidi mpira ukikaa kwenye joto, ukipigwa na jua la dirishani, au ukisuguliwa na vitu vinavyokiyeyusha kama mafuta ya taa, petroli na tina ya rangi. Ndiyo maana mwenye kusafisha mpira kwa mafuta ya taa huuona unang'aa siku hiyo, kisha baada ya miezi michache unakuwa mgumu na kupasuka kwenye kona.

Sisi wa pwani tunalipia uvujaji huu kuliko wenzetu wa Njombe au Limuru, na sababu yake ni unyevu. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi joto 30 inaweza kubeba hadi gramu 30 hivi za mvuke wa maji. Hewa hiyo hiyo ikipozwa hadi nyuzi 4 haiwezi kubaki na zaidi ya gramu 6 na kidogo. Mvuke uliozidi lazima uachwe ndani ya friji, kwanza kama matone, kisha kama barafu. Kwa hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kazi ya kuugeuza mvuke huo kuwa maji na barafu inazidi ile ya kuipoza hewa yenyewe. Na barafu ikishakuwa nene inafunika sehemu ya kugandishia na kuizuia isifyonze joto la vyakula. Friji inazidi kunguruma, nayo inazidi kupoza vibaya. Mita ya Luku ndiyo inayopokea matokeo.

Dalili na vipimo

Zipo dalili za kukushtua. Barafu inajaa siku chache tu baada ya kuyeyushwa, tena inakuwa nene zaidi upande mmoja. Matone yanateremka kwenye kuta za ndani karibu na mlango. Kompresa inafanya kazi mchana na usiku bila kupumzika. Mlango unafunguka kwa kuguswa tu, bila ule mvuto mdogo unaousikia mkononi kwenye friji nzima. Kuvu jeusi linaota kwenye mikunjo ya mpira. Ukiziona mbili au tatu kati ya hizo, anza kupima.

Kipimo cha kwanza ni karatasi. Chukua noti au kipande cha karatasi ngumu kidogo, kiweke nusu ndani nusu nje, funga mlango, kisha kivute polepole. Kikishikiliwa, kikatoka kwa ubishi, hapo pako salama. Kikiteleza bila upinzani, au kikaanguka chenyewe, umepata pengo. Rudia kila baada ya upana wa kiganja, kuzunguka mlango mzima, na usiziruke kona nne wala upande wa bawaba, ambao watu wengi huusahau ilhali ndiko mpira unakosuguliwa kila mlango unapofunguliwa. Weka alama ya kalamu kila palipolegea. Alama hizo zitakuongoza katika kazi yote inayofuata.

Kipimo cha pili ni mwanga. Usiku, zima taa za jikoni, washa tochi ya simu, iweke ndani ikielekea mlangoni, ufunge. Zunguka ukitazama kwa karibu kwenye ukingo. Uzi wowote wa mwanga unaoonekana ni njia ya hewa. Sogeza tochi upande wa pili urudie, maana rafu na chupa huficha mwanga.

Cha tatu ni joto lenyewe. Ukiwa na kipimajoto, kitumbukize kwenye glasi ya maji, iweke rafu ya katikati, uiache usiku kucha. Asubuhi kisome kabla hewa ya nje haijaingia sana. Nyuzi 4 au chini kidogo ndiyo baridi ya kutunza nyama, samaki na maziwa. Kwa friza lengo ni nyuzi 18 chini ya sifuri.

Jambo moja lisikudanganye. Ukigusa fremu ya kabati, pale mpira unapokaa, unaweza kuikuta ina joto. Katika friji nyingi hilo ni jambo la kawaida kabisa: bomba la gesi ya moto limepitishwa makusudi nyuma ya fremu ili unyevu usitonetone hapo. Joto hilo si ugonjwa. Likumbuke bomba hilo pia siku mtu atakapopendekeza kutoboa fremu ili aweke kitasa au skrubu ya kubania mlango. Drili ikilipata, gesi yote inatoka, na hapo ndipo utakapoihitaji gesi kweli.

Sasa, utajuaje kama tatizo ni mpira au ni gesi? Kwenye friji za zamani ambazo barafu yake huonekana kwa macho, isome barafu hiyo. Gesi ikiwa pungufu, barafu hushika kipande kidogo tu cha sehemu ya kugandishia, kwingine pakavu, na maji ya trei hayagandi hata ukisubiri. Mlango ukivuja, barafu hutapakaa na kunenepa, maji yanaganda, ila vyakula vya chini havipoi inavyotakiwa. Friji inayojaza barafu kupita kiasi haijaishiwa gesi. Fundi akifika mwambie kwa upole tu: "Fundi, kabla hujafungua mtungi, naomba tuupime mlango kwanza." Fundi anayeijua kazi yake atakuomba noti. Atakayekasirika, mshukuru kwa nauli yake na umwage.

Mlango kabla ya mpira

Mpira husingiziwa mengi ambayo ni ya mlango. Ukiona pengo liko juu upande wa kufungulia, na chini panabana sana, huenda mlango umening'inia. Utoe chupa zote za maji kwenye rafu za mlango. Chupa sita za lita moja na nusu ni kilo tisa, na uzito huo ukikaa mwisho wa mlango miaka na miaka hulegeza bawaba na kula kibushi cha plastiki cha chini. Kaza bolti za bawaba ya juu kwa spana huku mtu mwingine akiuinua mlango kidogo ukae sawa na ukingo wa kabati. Kibushi kikiwa kimeliwa, washa ya plastiki ya unene unaofaa chini ya mlango huurudisha mahali pake.

Halafu tazama miguu ya friji. Sakafu nyingi zina mteremko. Miguu ya mbele izungushwe mpaka friji ilale kinyumenyume kidogo sana, kiasi kwamba mlango ukiachwa nusu wazi unajirudisha wenyewe. Kazi hii ya dakika chache imemaliza kesi nyingi ambazo zingeishia kwa kununua mpira mpya.

Mwisho, pitisha kiganja kwenye fremu ya chuma. Kutu iliyovimba, tone la rangi lililoganda au kibandiko cha zamani kinaweza kuunyanyua mpira. Kutu isugue kwa msasa laini, uipake rangi nyepesi, uache ikauke kabisa kabla ya kufunga, la sivyo mpira utagandana na rangi.

Kusafisha: nusu ya dawa

Chomoa friji kwenye soketi. Kwenye friji kuukuu hili si la kujadili, kwa sababu utakuwa na maji mikononi na chuma mbele yako, na nyumba nyingi hazina waya wa ardhi unaofanya kazi.

Kisha funua mkunjo wa mpira kwa kidole gumba, uanzie chini, upande wa kufungulia, uinamishe kichwa utazame. Pale ndipo kila kitu kilichowahi kumwagika kimeteremkia: punje za wali zilizokauka, kipande cha ganda la kitunguu, juisi ya embe iliyogeuka gundi ya kahawia, mguu wa mende. Sukari ile iliyoganda ndiyo mchawi. Inaubana mpira kwenye chuma, na mtu akivuta mlango kwa nguvu, mdomo wa mpira unachomoka kwenye mfereji wake au unachanika. Mpira mwingi unaoonekana umechoka umechanwa na juisi.

Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, kitambaa laini, na mswaki wa zamani kwa ajili ya mikunjo. Uloweshe uchafu mgumu dakika kadhaa kwa kitambaa chenye maji ya moto badala ya kuukwangua kwa kisu. Kuvu likiwepo, changanya siki nyeupe na maji kwa vipimo sawa, paka, subiri, sugua, suuza. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo huua kuvu pia, lakini ikitumiwa mara kwa mara hukausha mpira. Na kamwe usichanganye dawa hiyo na siki: hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu, na jikoni dogo lililofungwa ni mahali pabaya pa kuivuta. Maliza kwa kukausha vizuri, hadi ndani ya mikunjo, na usifute tu juu juu.

Ukishakausha, rudia kipimo cha noti. Baadhi ya zile alama zako zitakuwa zimekwisha kazi.

Kuurudishia umbo

Palipobaki pengo, tazama kama mpira umebonyea, umejikunja kuelekea ndani, au umekakamaa. PVC hulainika ikipata joto na hushika umbo linalopewa inapopoa. Huo ndio msingi wa matengenezo yote ya nyumbani.

Njia rahisi ni taulo. Ichovye kwenye maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa, ikamue ukiwa umevaa glavu, uikandamize kwenye sehemu iliyobonyea kwa dakika kadhaa, huku ukirudia kila inapopoa. Mpira ukilegea, uvute taratibu kwa vidole kuelekea kwenye fremu, kupita kidogo pale unapotaka ufike, kwa maana utarudi nyuma kiasi.

Njia ya pili ni draya ya nywele. Kausha maji yote kwanza, weka draya kwenye joto la wastani, ishike umbali wa kiganja, na usiache kuisogeza. Joto likikaa mahali pamoja plastiki inang'aa, kisha inanywea, na hapo hakuna kurudi nyuma. Mashine ya mafundi ya kuchomea rangi ina moto mkali mno kwa kazi hii, na mshumaa au kiberiti haviruhusiwi hata kwa mzaha. Friji nyingi za miaka ya karibuni zinatumia gesi ya R600a, nayo inawaka moto. Herufi hizo utaziona kwenye kibandiko cha kompresa au ndani ya kabati.

Mpira ukiwa bado na joto, funga mlango, uubane kwa mkanda au utepe mpana, uuache saa kadhaa, na ikiwezekana usiku kucha. Pale panapokaidi, ingiza kipande chembamba cha sponji au kamba ya pamba nyuma ya mdomo wa mpira, ndani ya mkunjo, ili kiusukume mbele. Kona ndizo sugu zaidi, kwa kuwa mpira hapo umeunganishwa na ni mgumu. Zipashe moto mara mbili au tatu, na sponji iachwe humo siku kadhaa kabla ya kuitoa. Ukiona bila sponji pengo linarudi, iache ikae. Si aibu, mradi isizuie mlango kufunga.

Upande wa bawaba, mpira unapojikunja kwa sababu ya msuguano, pakaza utando mwembamba sana wa grisi ya silikoni kwenye fremu. Mafuta ya mgando ya kujipaka hutumika na wengi, nayo husaidia, ila yawe kidogo mno na yafutwe yanapokusanya vumbi. Mafuta ya kupikia achana nayo. Yanachacha, yananata, na yanaalika mende.

Mpasuko mdogo unazibika. Safisha, kausha, futa kwa spiriti kidogo, kisha ingiza silikoni ile wanayozibia madirisha na masinki. Bandika utepe wa gundi wa karatasi, ule wa mafundi rangi, kwenye fremu mkabala na jeraha ili silikoni isishike chuma, na uipe siku nzima ikauke. Gundi ya matone ya haraka haifai, kwa kuwa inakauka ikiwa ngumu na mpira unapasuka pembeni yake mara ya kwanza unapopinda.

Sumaku nayo ichunguze. Pitisha pini ya nguo juu ya mpira polepole. Mahali inapoachia ghafla, mkanda umevunjika au umesogea. Ukiwa umesogea, unaweza kuusukuma kwa vidole ukiwa nje ya plastiki. Ukiwa umevunjika, mafundi hupasua kidogo kwenye kona, hutoa mkanda wa zamani, na kuingiza mwingine uliotolewa kwenye friji iliyokufa. Mkanda mpya uingie kwa upande ule ule wa wa zamani. Ukigeuzwa, mvuto wake unapungua.

Ikibidi kubadilisha

Mpira uliopasuka kona zote, uliokuwa mgumu kiasi cha kutoa sauti ukiupinda, au ambao kipande chake kimepotea, hauna tiba. Kabla ya kwenda dukani, nyanyua mdomo wake uone umefungwaje. Zipo aina tatu. Mmoja unasukumwa tu kwenye mfereji, nao unatoka kwa kuvutwa kuanzia konani. Mwingine umebanwa na skrubu zilizofichwa chini ya mdomo, zikiwa kwenye ukanda wa chuma au plastiki. Wa tatu umeshikwa na povu la mlango lenyewe tangu kiwandani, na huo mwachie fundi.

Kwa wa skrubu kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Skrubu hizo hizo hushikilia pia ganda la ndani la mlango. Ukizitoa zote kwa pamoja, mlango unaweza kujipinda kama chapati, na mpira mpya hautakaa milele. Zilegeze tu, uchomoe mpira wa zamani, upachike mpya nyuma ya ukanda, kisha kaza kidogo kidogo ukizunguka mlango mzima, ukifunga na kutazama kati ya duru moja na nyingine, ili mlango ubaki umenyooka.

Kipimo chukua vizuri. Wa mfereji pima kutoka katikati ya mfereji mmoja hadi katikati ya ule wa mkabala, urefu na upana. Wa skrubu pima kutoka ukingo hadi ukingo wa mpira wenyewe. Andika namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha ndani, na piga picha. Lililo bora kuliko yote, kata kipande kidogo cha mpira wa zamani uende nacho. Ukifika kwa wauza vipuri vya friji, Kariakoo au kwingine, usibishane kwa maneno. Toa kipande, muuzaji alinganishe umbo la mgongo unaoingia kwenye mfereji na unene wa mikunjo. Kama modeli yako haipatikani, fundi mzuri anaweza kukata mpira mrefu wa umbo linalolingana kwa pembe za nyuzi 45 na kuziunganisha kona kwa chuma cha moto. Zikague kona hizo kabla ya kulipa, maana kona iliyoungwa vibaya ndiyo pengo la mwezi ujao.

Mpira mpya huja umekunjwa, na mikunjo ya safari huonekana. Uloweke kwenye beseni la maji ya moto, unyooshe, ukaushe, ndipo upachike. Anza na kona nne, kisha katikati ya kila upande, halafu malizia palipobaki. Ukianza upande mmoja na kuendelea moja kwa moja, utajikuta na ziada isiyokuwa na pa kwenda. Siku za kwanza mapengo madogo yasikutishe. Draya na usiku mmoja mlango ukiwa umebanwa vitayamaliza.

Kujua kama umefaulu, na kuudumisha

Noti na tochi zirudiwe. Kwa anayetaka ushahidi wa fedha, Luku ipo ukutani. Usiku kabla ya matengenezo, zima kila kitu isipokuwa friji, soma uniti, lala, soma tena alfajiri. Fanya vivyo hivyo siku chache baada ya kutengeneza, friji ikiwa na mzigo unaofanana. Tofauti ya usiku mmoja izidishe kwa siku za mwezi uone.

Faida nyingine huonekana umeme ukikatika. Friji ambayo mlango wake unaziba na haufunguliwi huweza kuhifadhi vyakula salama kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa hufika saa 48, na iliyo nusu saa 24. Hesabu hizo ni za mlango mzima. Kwa anayeuza samaki, aiskrimu au barafu za ukwaju, mpira wa kifuniko cha friza ni bima ya mtaji. Na kwenye friza hizo za kulala, adui mkubwa ni mtu anayekalia kifuniko akisubiri wateja, na maji ya samaki yanayoganda ukingoni. Yafuteni kila jioni.

Barafu ikiwa nene, iyeyushwe kwa kuchomoa friji na kuweka sufuria ya maji ya moto ndani, juu ya kitambaa. Kisu na bisibisi visiguse barafu. Friji nyingi zilizokuwa na kosa la mpira peke yake zimetobolewa bomba na mwenyewe akichongoa barafu, zikaishia kuhitaji gesi kweli. Kwa mengine, futa mpira mara moja kwa wiki, usiweke sufuria ya chakula cha moto ndani, punguza chupa za mlangoni, na wafundishe watoto kuufunga mlango kwa mkono badala ya kuusukuma kwa mguu.

Friji ikifika mwisho

Kuna wakati mpira mpya ni hasara: mabomba yameliwa na kutu, povu la ukutani limelowa maji, kompresa inapiga kelele na kuunguza fyuzi. Hapo muuzie mnunuzi wa vyuma chakavu au fundi anayehitaji vipuri, lakini kwanza shughulikia mlango.

Friji za zamani kabisa zilifungwa kwa komeo la chuma lisilofunguka kwa ndani, na watoto waliojificha humo kwa mchezo walikufa kwa kukosa hewa. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1956 kulazimisha milango ya friji ifunguke kwa kusukumwa kutoka ndani, na mlango wa sumaku ukatimiza sharti hilo. Hata hivyo friji iliyotupwa uani bado ni hatari kwa mtoto mdogo ambaye, akiwa ndani ya sanduku lisilopitisha hewa, hana nguvu wala akili ya kusukuma, na zaidi bado kama mwenye nyumba aliwahi kuiwekea kitasa au kamba ya nje. Basi siku friji inapotoka jikoni kwenda uani, ng'oa mlango siku hiyo hiyo. Toa bolti za bawaba, ondoa mlango, uuweke mbali na kabati. Mpira ukiwa bado mzima, uchomoe na uutunze pamoja na mkanda wake wa sumaku. Jirani yako ataumwa na friji kabla mwaka haujaisha, nawe utakuwa na kipuri na maelezo ya namna ya kukitumia.